Bi Fagio na Shamba Lisilofagiwa

Kuna watu wakiingia nyumba ya mtu huangalia picha za ukutani. Wengine huangalia watoto wamefanana na nani, wengine husikiliza kama jikoni kuna kinachochemka. Bi Fagio huangalia pembe. Atakusalimia vizuri, ataulizia wazima na wagonjwa, atakaa utakapomkaribisha, lakini macho yake yameshafika kule nyuma ya kabati ambako ufagio wako haufiki, na wewe mwenye nyumba unajua kwamba yeye anajua. Ndiyo maana majirani wakisikia anakuja walikuwa wanafagia kwanza, chai baadaye.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa wodini, katika hospitali kubwa alikofanya usafi tangu usichana mpaka akawa mkubwa wa wafagiaji wote, mwenye kilemba cheupe na sauti ya kumsimamisha mtu mlangoni mguu ukiwa hewani. "Viatu!" Mtu anarudisha mguu, anapangusa viatu, anaomba radhi. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa bado anajifunza kutembea, naye akamlea yule mtoto kwa ufagio huo huo: chakula kwa ufagio, shule kwa ufagio, na akikorofisha, ufagio. Kila jioni alimwosha nyayo kabla hajapanda kitandani, maana kulala na miguu ya vumbi, kwa Bi Fagio, ni sawa na kulala na punda.

Mtoto akakua, akawa fundi wa friji, akafungua karakana, akaoa mke mpole, wakapata watoto. Mama alipostaafu, mwana akasema, "Mama, umefagia vya kutosha. Njoo ukae kwangu." Akamnunulia kochi. Na si kochi la mchezo, jamani: la kahawia, mikono minene, lenye kibao cha kuvuta cha kunyooshea miguu. Akaliweka mbele ya televisheni, na plastiki iliyokuja nalo kutoka dukani haikutolewa, ili lisichafuke.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Kukaa nako ni kazi, na kuna watu hawakuisomea. Bi Fagio anakaa kidogo, anainuka, anafagia palipofagiwa. Msichana wa kazi anaosha sufuria, yeye anaziosha tena, tena mbele yake. Msichana wa kwanza aliaga kwa machozi. Wa pili hakuaga. Mkamwana akamwita mumewe chumbani wakanong'ona, na kulipokucha mwana akatoa amri kwa heshima zote: mama asiguse ufagio, asiguse sufuria, asiguse hata kitambaa cha kupangusia meza.

"Wewe pumzika tu, mama," akasema.

Akapumzika. Akapumzika mpaka kupumzika kukamchosha. Na kila alipojaribu kusimama, mjukuu alipaza sauti kutoka sakafuni, "Baba! Bibi anainuka!"

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "umeninunulia kiti cha kusubiria kufa."

"Mama, usiseme hivyo, Mungu anasikia."

"Asikie. Mpaka plastiki mmeshaniwekea kabisa."

Habari za mashamba alizipata kwa nesi mmoja, mwenzake wa zamani, aliyekuja kumjulia hali. Kwamba kuna watu wanalima bila dawa za kiwandani wala mbolea ya gunia, na wanapokea wasafiri wa kujitolea. Asubuhi unafanya kazi shambani, mchana ni wako, unapewa kitanda na chakula. Ukimaliza hapo, mwenye shamba anampigia simu mwenye shamba wa mbele, anakusemea neno zuri, nawe unaendelea na safari. Hivyo hivyo, shamba kwa shamba, mpaka ufike mwisho wa nchi ukitaka.

Bi Fagio hakuwahi kusafiri. Maisha yake yote alikuwa anafagia njia wanazopita wengine wakienda na kurudi. Nesi alipoondoka, yeye alikuwa ameshaamua.

"Ukalime?" mwana akaruka. "Kwa umri huo? Watu si watasema nimekufukuza?"

"Waambie nimetoroka."

Wakavutana wiki nzima. Mkamwana alikuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mwisho mwana akakubali, kwa sharti moja. "Mwenye shamba akikulalamikia mara moja, mama. Mara moja tu. Nakuja na pikapu yangu nakuchukua, unarudi kukaa, na mambo ya safari hatuyazungumzi tena. Tumekubaliana?"

"Nilalamikiwe mimi? Na nani?" akasema Bi Fagio, akaenda kufunga begi. Chini kabisa, chini ya kanga na sweta, akaweka ufagio wake wa njiti. Mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo yake, mrefu, mabuti ya mpira mpaka magotini, na kicheko kilichokuwa kinatangulia kufika kabla yake. Watu walimwita Mama Mboji kwa sababu ya lundo lililokuwa nyuma ya nyumba, samadi na maganda na majani yaliyooza mpaka yakawa udongo mweusi. Lundo hilo alilionyesha kwa wageni kama mwenzako anavyoonyesha picha za harusi ya binti yake.

"Karibu, dada! Karibu! Lete begi. Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Sisi hapa jembe tunatoa mlangoni!"

Bi Fagio akacheka, akashika jembe lake, kisha akaangalia pembe. Mola wangu! Shamba zima lilikuwa pembe. Majani makavu yamelala juu ya matuta. Nyasi zimetupwa katikati ya nyanya. Mabua ya msimu uliopita yapo, maganda yapo, na kuku mmoja wa madoadoa anatembea juu ya vyote hivyo akichakura na kurusha nyuma, kama analipwa kwa kuchafua. Hawa watu wana shamba au wana jalala, akajiuliza. Lakini mgeni ni mgeni. Akanyamaza.

Chooni alikuta ndoo ya majivu badala ya maji. Akainama, akanusa, akatafuta inzi. Hakuna harufu, hakuna inzi. Hapo akawapa maksi zao. Mwenzake wa kujitolea alikuwa mmoja tu, kijana mwenye nywele ndefu aliyekuwa anazunguka dunia kwa baiskeli, nao wakamwita hivyo hivyo, Baiskeli. Alikuwa na heshima na mikono mizuri ya kazi. Miguu yake Bi Fagio aliitazama mara moja, akaamua asiitazame tena.

Siku za mwanzo mgongo ulimtukana matusi yote unayoyajua. Alichota maji kisimani, alisukuma toroli, alipalilia biringani mpaka magoti yakaimba. Na alifurahi! Hakuna aliyemwambia pumzika. Akisimama kunyoosha mgongo, Mama Mboji anapita mbio na ndoo, "Dada, umekufa au upo?" naye anajibu, "Nipo!" na anainama tena. Alikuwa hajaulizwa swali tamu kama hilo tangu astaafu.

Kosa dogo lilitangulia kosa kubwa. Alipika zamu yake, akayakusanya maganda ya viazi na kwenda kuyatupa mbali nje ya uzio, ili jikoni pabaki safi. Mama Mboji akamfuata mbio na mabuti yake, akayaokota yote ganda kwa ganda.

"Dada, hapa hatutupi kitu!"

Bi Fagio akasema samahani, na moyoni akasema, kumbe ubahili. Nyumba ya bahili ina sheria zake, huziulizi. Kwa hiyo hakuuliza. Ni hapo tu alipokosea, na laiti angeuliza, mimi nisingekuwa na cha kukuhadithia.

Ikafika siku ya gulio. Mama Mboji akapakia mboga kwenye gari la jirani, akapanda juu ya magunia. "Nalala kwa dada yangu, narudi kesho mchana. Nikirudi nampigia simu mwenye shamba kule milimani nikusemee. Anapenda watu wachapakazi, ujue!" Gari likaondoka na kicheko chake. Baiskeli naye akaenda mjini kutengeneza gurudumu. Bi Fagio akabaki peke yake na shamba.

Akafikiri. Neno atakalosemewa milimani liwe tamu namna gani? Yeye si mkulima. Kuna kitu kimoja tu duniani anachokifanya kuliko watu wote. Akaingia chumbani, akafungua begi, akatoa ufagio.

Aisee, alifagia siku ile! Alianza na reki akakokota nyasi zote kutoka juu ya matuta ya nyanya. Akaja na ufagio wa njiti akapita kati ya mistari, akazunguka kila shina kwa adabu kama anavyozunguka miguu ya kitanda cha mgonjwa. Lundo la majani likawa kubwa kuliko banda la kuku. Akalitia kiberiti. Likawaka vizuri, na yeye amesimama pembeni, mikono kiunoni, akiimba. Jua lilipoanza kushuka, shamba la nyanya lilikuwa tupu, jekundu, limechorwa mistari ya ufagio mwanzo hadi mwisho, hakuna jani, hakuna unyasi. Yule kuku wa madoadoa alifika ukingoni akataka kuvuka. Akamtazama Bi Fagio. Akaghairi.

Baiskeli ndiye aliyetangulia kurudi. Alipoona shamba aliiachia baiskeli ikaanguka yenyewe.

"Mama... yale majani yako wapi?"

"Zile takataka? Zimeshakwenda mbinguni, baba. Pameonekana sasa, eh?"

Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. Akachuchumaa. Kisha akamweleza, polepole, bila kupandisha sauti, na heri angepandisha. Yale si takataka. Yale yanaitwa matandazo. Ni blanketi la udongo: jua likichoma, linachoma majani, na maji yanabaki chini kwenye mizizi. Kisima karibu kinakauka. Mvua bado iko mbali. Mama Mboji ameyakusanya matandazo yale tangu msimu uliopita, mzigo kwa mzigo, kichwani.

Bi Fagio akakaa chini. Chini hasa, kwenye vumbi, bila kupangusa kwanza.

Mama Mboji aliporudi kesho yake mchana, kicheko hakikutangulia. Aliona toka getini. Nyanya zilikuwa zimelegea zote, zimeinamisha vichwa, na mstari wa mwisho, uliopigwa na jua zaidi, ulikuwa umelala kabisa. Akatembea kati ya mistari ya ufagio, akachota udongo kiganjani, ukapeperuka.

"Umefagia vizuri," akasema mwishowe. "Sijawahi kuona."

Ni bora angemtukana. "Mwenzangu, nimekukosea," akasema Bi Fagio. "Sikujua, na sikuuliza. Nilitaka upate neno zuri la kunisemea."

Kabla Mama Mboji hajajibu, simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa mwana wa Bi Fagio. Alikuwa na desturi ya kupiga kila wiki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mngurumo wa friji, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Shikamoo, mama. Habari za huko? Mama yangu hajambo? Kuna lalamiko lolote?"

Bi Fagio aliliona lile kochi. Alinusa hata plastiki yake. Mama Mboji akazitazama nyanya, akamtazama yeye, akazitazama nyanya tena.

"Mwanangu," akasema, "sasa hivi nina hasira, na mtu mwenye hasira asiulizwe habari za watu. Nipigie Jumapili." Akakata.

"Na hasira zitaisha Jumapili?" Bi Fagio akauliza kwa sauti ndogo.

"Waulize nyanya," akasema Mama Mboji, akaenda kuvua mabuti.

Sasa, wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na walisema kweli. Lakini kuhusu majani hawakusema kitu. Bi Fagio alikaa kwenye ngazi ya jikoni akifikiri. Nyasi za jirani zimeliwa na ng'ombe. Majani ya porini ni mbali, na wenye mashamba wengine wanayalinda yao kama mahari. Wapi, wakati wa kiangazi, utapata majani makavu mengi yasiyotakiwa na mtu? Na akaanza kucheka peke yake, kicheko cha aibu. Kwani yeye mwenyewe aliyachoma mangapi? Kila asubuhi ya Mungu, wodi zote, uani kote! Kila penye miti ya kivuli na mkubwa wa kazi, kuna mfagiaji anayekusanya majani na kutafuta kiberiti.

Alfajiri akamwamsha Baiskeli. Akapanda nyuma ya baiskeli na furushi la viroba vitupu, amemshika kijana shati, nywele zake hakuzigusa. Wakaenda mpaka hospitali ya mji mdogo uliokuwa karibu. Na naam: uani miti mikubwa, chini yake wafagiaji wamepanga mstari, vumbi linapanda. Moyo wa Bi Fagio ukaruka kama wa mtu aliyesikia watu wa kwao wakiongea. Nyapara wao alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia. Bi Fagio akasimama mbele yake.

"Habari za kazi? Naomba takataka zenu."

Wafagiaji wakatazamana. Nyapara akamwangalia juu mpaka chini, kwa huruma. "Mama, mapokezi ni mlango ule pale. Watakupokea vizuri tu."

"Siumwi! Nataka majani. Ya uani tu, ya chini ya miti. Ya nyuma ya wodi usinipe hata kwa dawa, nayajua yana nini."

Hapo nyapara akaegemea ufagio wake. Mtu asiyefagia hospitali hajui habari za nyuma ya wodi. "Wewe ulikuwa wapi?" akauliza, na Bi Fagio akamtajia, na akatoa ufagio wake wa njiti uliolika upande mmoja tu, kama ufagio wa mtu anayejua kazi. Nyapara akaushika, akaupima mkononi, akamrudishia.

"Haya. Ila kwetu anayetaka majani anayafagia mwenyewe."

"Ulidhani nimekuja kuangalia?"

Wakafagia pamoja mpaka jua lilipochomoza, na kesho yake tena, na kila alfajiri baada ya hapo. Baiskeli alikuwa anarudi shambani akisukuma baiskeli iliyobeba viroba mpaka haionekani, inaonekana miguu tu. Na shambani, kabla jani moja halijagusa tuta, Bi Fagio alikuwa anamwaga kiroba kwenye mkeka na kuchambua: vifuniko vya soda huku, karatasi za peremende huku, plasta huku.

Mama Mboji, aliyekuwa hajamsemesha sana tangu siku ile, alisimama kumwangalia.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha takataka."

Kicheko kilichomtoka Mama Mboji kilimkimbiza kuku. Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akapiga magoti kwenye mkeka, akaanza kuchambua naye.

Kutandaza ndiko kulikokuwa na kazi. Bi Fagio alianza kwa kusukuma majani na mpini, akiwa amesimama, nguo ameikusanya kwa mkono mmoja. Haikwenda. Majani yanataka mkono, yashindiliwe taratibu kuzunguka shina bila kulibana. Akapiga magoti. Nguo akaiachia. Wakamwagilia jioni, na kesho yake mchana aliinua majani aone. Juu jua linawaka, na chini yake udongo umelowa, baridi, mweusi, na nyungunyungu mmoja mnene anajikunja kwa kukosewa adabu. Bi Fagio akashtuka. Halafu akamfunika tena polepole, kama alivyozoea kumfunika mgonjwa aliyejifunua shuka.

Jumapili ikafika. Na wewe ungekuwa mwana, ukaambiwa na mtu kwamba ana hasira na mama yako, umpigie Jumapili, ungepiga? Hakupiga. Alikuja.

Pikapu iliingia getini asubuhi, na nyuma yake, limefungwa kamba pande zote, kochi. La kahawia. Na plastiki yake.

"Umekuja kuuza fanicha?" Mama Mboji akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa simu?"

"Ndimi. Nimekuja kwa ajili ya mama. Ulisema una hasira. Amefanya nini?"

Mama Mboji alifungua mdomo, lakini kutoka katikati ya nyanya mtu akasema, "Nitasema mwenyewe." Bi Fagio akainuka. Udongo mpaka viwikoni, majani kwenye kilemba, magoti mekundu. Mwana alimtazama, akatazama nyuma yake, kama anayemtafuta mama yake hasa yuko wapi.

"Nimemfagilia shamba," akasema Bi Fagio. "Nimemchomea majani yake ya msimu mzima. Mstari ule wa mwisho, unauona? Umekufa, na ni mimi nimeuua. Hiyo mingine inapumua, ila bado." Akamgeukia mwenye shamba. "Tulikubaliana, mimi na mwanangu. Ukinilalamikia mara moja, narudi nyumbani kukaa. Kwa hiyo mlalamikie, mwenzangu. Una haki. Sitakukasirikia."

Sauti yake ilikuwa imenyooka, lakini hakutaka kurudi, jamani, hakutaka kabisa.

Mama Mboji akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Lalamiko ninalo," akasema. "Mama yako ananiamsha alfajiri akitafuta viroba. Ananipangia majembe kwa urefu, jembe langu mwenyewe silioni. Amegombana na kuku. Na hayo majani ya hospitali ameyasafisha mpaka naona aibu kuyaozesha."

Mwana akauliza, "Ni hayo tu?"

"Hayatoshi?"

"Mama, hayo mimi nimekua nayo," akasema mwana. Akamtazama tena mama yake, safari hii vizuri. "Mama, una udongo puani."

Bi Fagio akainua mkono apanguse. Akauona mkono wenyewe, mchafu kuliko pua. Akaushusha.

"Uache," akasema.

Mwana akaanza kucheka. Alicheka akaegemea pikapu, mama naye akacheka, na katikati ya kucheka mwana akaona machozi yanamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati. "Mama, mbona kwangu hukuwahi kucheka hivi? Tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea kitu, baba. Mnanipenda, naona. Lakini hapa nikikosea, nyanya zinakufa. Nikipatia, zinasimama. Kwako nikosee, nipatie, ni kochi lile lile."

Mwana akaanza kufungua kamba, fundo moja moja, na maneno yakamtoka akiwa amewapa mgongo. "Mke wangu alinipakilia hili. Alisema, mama akikubali kurudi, rudi nalo. Akikataa, mwachie huko huko, hapa sebuleni linatutazama tu."

"Kumbe nilikuwa na mkamwana mwenye akili nyumba moja na sikumjua," akasema Bi Fagio. "Literemsheni."

Wakaliteremsha, mwana na Baiskeli, wakaliweka bandani karibu na lundo la mboji, maana mlango wa nyumba ulikuwa mdogo. Mwana akavua viatu, akakunja suruali, akatandaza majani na mama yake mpaka mchana, na alikemewa mara nyingi kwa kubana mashina. Alipotaka kuondoka, mguu mmoja tayari garini, ikasikika sauti ya wodini. "Nyayo!" Akashuka. Bi Fagio akaleta maji kwenye bakuli, akamwosha mwenyewe, mguu wa kwanza, mguu wa pili, katikati ya vidole, fundi mzima mwenye karakana. Hakuna aliyecheka.

Jioni Mama Mboji akapiga simu milimani, akiwa amesimama uani ili kila mtu asikie. "Nina mama mmoja nakuletea, nyanya zangu zikishasimama. Mchapakazi huyo, we acha tu. Nini? Kasoro? Anayo moja. Mweleze kila kitu kabla hujampa mgongo."

Bi Fagio aliyasikia yote. Mwili ulikuwa umechoka uchovu mtamu, akaona sasa anaweza kulijaribu lile kochi kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kukaa. Akaenda bandani. Akaichana plastiki kwa mikono yake, akaikunja, akaitupa mbali. Akageuka akae, akakuta ameshatanguliwa. Kuku wa madoadoa alikuwa amejikunja katikati ya kochi, ametuna, jicho moja wazi.

Wakatazamana muda mrefu. Walikuwa na kesi tangu siku ya ufagio. Kisha Bi Fagio akachota majani makavu kwenye kiroba, akayapenyeza chini ya yule kuku, upande huu na upande huu.

"Kaa," akamwambia. "Wewe pumzika tu."

Akachukua toroli lake akaenda.